Mashine ya Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Kocha ametangaza. Nafasi iliyobaki ni moja, na sisi tuko wawili. Jumamosi mimi na Mfamasia tutavuta mita elfu mbili, kila mtu na mashine yake, na atakayetangulia ndiye wa nne kwenye timu ya mashindano ya mwisho wa mwezi. Watatu wa kwanza hawana mpinzani: Dereva wa Lori, Dada wa Benki na Mwalimu Mstaafu.

Ukoo wa mke wangu unaamini klabu yetu ya makasia ina ziwa. Haina hata beseni. Ni ukumbi mmoja juu ya duka la magodoro, na mashine saba zinazofanana. Unakaa kwenye kiti kinachoteleza, unafunga miguu, unavuta mpini wenye mnyororo, gurudumu linavuma mbele yako, na kioo kidogo kinakwambia umesafiri mita ngapi. Hujasafiri popote. Afadhali. Mimi kuogelea sijui.

Nafasi hii naitaka kuliko ninavyoonyesha. Niandike wazi maana hapa hakuna anayesoma: tangu nizaliwe sijachaguliwa kwenye timu yoyote. Shuleni wenzangu walicheza mpira, mimi nikakabidhiwa viatu vyao nivichunge. Nilivichunga vizuri. Nina miaka arobaini na nne na ningependa mara moja tu mtu mwingine anichungie vyangu.

Nimeanza kazi leo leo. Ubavuni mwa gurudumu kuna kishikio cha kuongeza uzito wa mvuto, kutoka moja mpaka kumi. Wenzangu wote huweka nne au tano. Wazembe! Nimeweka kumi. Kocha, ambaye alikuwa muuguzi na bado anamtazama kila mtu kama mgonjwa, akasema namba kubwa haikupi mwendo, inakupa mgongo mbovu. Nikamwambia nimeelewa, nikashusha hadi nne. Alipogeuka nikarudisha kumi.

Jumanne, 4 Machi

Siwezi kuinua mkasi. Mimi ni mshona mapazia, kwa hiyo hilo ni tatizo.

Mteja alikuja kuchukua mapazia ya sebuleni, akauliza mbona la kushoto limekatwa mshazari. Nikamwambia ndiyo mtindo mpya. Akaniuliza mtindo wa wapi. Nikakohoa. Ameyaacha nirekebishe.

Mke wangu amenikanda mgongo jioni. Aliuliza kama huko klabuni hakuna mchezo wa kukaa kimya, wenye faida kwa familia. Nikamwambia huu nao ni wa kukaa. Akanikanda kwa nguvu zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua siri! Sijui kwa nini imenichukua muda wote huu.

Mfamasia si mtu wa misuli. Mwembamba, mpole, duka lake la dawa liko mlango wa pili kutoka kwangu, na ana adabu hadi inakera. Sasa mtu wa namna hii anapata wapi mwendo? Leo nilijitia hamnazo, nikawa nafuta jasho kumbe namchunguza. Jibu ni hili: kila siku anakaa mashine ile ile, ya dirishani. Haendi nyingine hata ikiwa wazi. Basi si yeye mwenye mwendo. Ni mashine.

Mimi nimekuwa nikivuta ya kona, karibu na ndoo ya mop ya kupigia deki, kama mtu asiye na akili.

Kesho nitafika kabla yake na kuweka taulo kwenye kiti cha dirishani. Taulo likishakaa, pana mwenyewe. Hiyo inajulikana dunia nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Taulo niliweka. Nikashuka chini kunywa maji. Niliporudi, Mfamasia yuko dirishani anavuta kwa raha zake, na taulo halipo.

Nikanuna kikao kizima. Mwalimu Mstaafu alikuja akakaa karibu, akaniuliza kama nimefiwa.

Mchana Mfamasia akaingia dukani kwangu. Alikuwa na taulo. Alilikuta limesahauliwa, akaona ni langu, akalipeleka kwake likafuliwa na kupigwa pasi. Taulo, pasi! Halafu akaona malengelenge kwenye viganja vyangu. Akarudi kwake, akaja na plasta na dawa ya kupaka, akakataa katakata malipo. Akanionyesha kwa kutumia rula yangu ya kupimia kwamba mpini haukabwi, unashikwa kwa vidole, na nguvu inatoka miguuni.

Nilimtazama nikijiuliza mtego uko wapi. Mtu unayepigania naye nafasi moja, anakufundisha? Jioni nilijaribu alivyosema ili nigundue hila yake. Mikono haikuuma. Mwendo ukaongezeka. Sijaelewa anataka nini.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ndefu, na imeisha vizuri mno.

Kocha aliandaa mambo ya kesho. Akatia karatasi mbili ndani ya kofia. Mfamasia akachomoa ya dirishani. Mimi nikachomoa ya kona. Bila shaka! Kocha akaunganisha mashine hizo mbili kwa waya mpaka kwenye kompyuta, akaandika humo kwenye kompyuta jina la kila mtu kulingana na mashine yake, na ukutani zikatokea mashua mbili za picha. Ya njano ni mimi. Nyekundu ni Mfamasia. Ukivuta, mashua yako inakwenda. Watu wote watatazama ukuta huo. Dereva wa Lori alifurahi kama tunazindua meli.

Nikajitolea kufunga ukumbi. Kocha alinisifu kwa moyo wa kujituma.

Walipoondoka tu, nikakunja mikono ya shati. Mashine zina vigurudumu mbele, ukiinua nyuma zinasukumika. Ya dirishani nikaileta kona. Ya kona nikaipeleka dirishani. Zinafanana kama pacha, hata Kocha hawezi kujua. Kazi kubwa ilikuwa nyaya, maana ni ndefu na zinapenda kujisokota. Nilikwenda nazo taratibu, kila mashine na waya wake, na nasema kwa kujivunia kwamba sikuchomoa hata mmoja.

Kesho Mfamasia atakaa dirishani kwake bila wasiwasi, chini yake mashine ya ndoo ya mop. Na mimi konani, juu ya siri yake.

Nimelala—yaani naenda kulala—nikitabasamu. Mke wangu ameuliza nimefanya nini. Ananijua sana.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Walikuja wote. Mke wangu naye alikuja, mara ya kwanza, akasimama karibu na mlango na pochi kifuani kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Mfamasia akamsalimia, akamwita shemeji, akamtafutia kiti. Mimi nilikuwa nimekaa konani. Kioo changu kidogo nilikifunika kwa kipande cha pazia, maana zile namba zikibadilika hunikata maini. Nikaamua nitatazama ukuta tu.

Kocha akapuliza filimbi.

Nikavuta. Ukutani mashua nyekundu ikachomoka. Ya njano ikafuata pole pole. Sikuamini. Nikavuta zaidi. Nyekundu ikazidi kukimbia! Nikamtupia jicho Mfamasia: yuko pale dirishani anavuta kwa utulivu, kama anahesabu vidonge. Mtu ametulia hivi anakwendaje kasi namna ile? Hasira ikanipanda. Nikasukuma kwa miguu yote. Nyekundu ikaruka mbele.

Katikati pumzi ikaniishia, nikalegea. Na nyekundu ikalegea! Nikasema moyoni, amechoka, sasa hivi ndiyo nafasi. Nikajitupa nyuma kwa nguvu zangu zote, na yule mwizi wa rangi nyekundu naye akachomoka saa ile ile, kana kwamba anasikia mawazo yangu. Nikipumzika, anapumzika. Nikikazana, anakazana. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyoichukia ile mashua.

Dereva wa Lori alikuja kusimama pembeni yangu akaanza kunipigia makofi kila mvuto. Mwalimu Mstaafu akaniambia nifikirie miguu. Dada wa Benki naye akajiunga. Nikasikia sauti nyingine juu ya zote, inaniita Baba Watoto, inaniambia nisirudi nyumbani nikiwa nimebakiza nguvu tumboni. Mke wangu, pochi liko sakafuni! Nilivuta mpaka nikaona nyotanyota. Nyekundu ikafika mwisho. Nikaanguka ubavuni na kulala kando ya ndoo ya mop.

Nimeshindwa. Nilitaka kulia na nadhani nililia kidogo, ingawa jasho lilikuwa jingi na hakuna ushahidi.

Kutoka pale sakafuni nilimwona Mfamasia bado anavuta. Nikajisemea, kiburi gani hiki, ameshashinda na anaongeza. Baada ya muda ya njano nayo ikafika, naye akaacha.

Kocha akasoma: mshindi Mfamasia, dakika saba na sekunde hamsini na sita. Watu wakapiga makofi. Mimi nimeitafuta hiyo chini ya dakika nane mwaka mzima, yeye kaipata akihesabu vidonge. Nikapiga makofi kwa vidole viwili.

Ndipo Mfamasia akainua mkono. Akasema samahani Kocha, huo muda si wangu. Akaendelea: kioo changu kinasema dakika nane na sekunde kumi, na ndio muda wangu bora tangu nianze, na nimefurahi nao, ila huo mwingine sijui ni wa nani.

Dada wa Benki, ambaye kazi yake ni kuona hesabu isiyokaa sawa, akatembea mpaka konani, akafunua kitambaa changu. Saba, hamsini na sita.

Kocha akainama kufuata waya kwa kidole, wa kona mpaka kwenye kompyuta, halafu wa dirishani. Akaniuliza nani amehamisha mashine. Nikasema labda anayepiga deki. Akasema anayepiga deki huja Jumatatu. Nikasema labda upepo. Mke wangu akasema jina langu lote, la ubatizo na la babu yangu.

Nikasema kweli. Yote, na taulo ndani. Nilitamani sakafu ipasuke nitue kwenye magodoro ya chini.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mfamasia. Akacheka mpaka akakaa. Akauliza kama kwa hiyo dakika nane nzima nilikuwa najifukuza mwenyewe. Baada ya hapo hakuna aliyejizuia, hata Kocha, na mwisho wake hata mimi.

Kocha alipopata sauti akanieleza mambo mawili. Kwanza, ile ya dirishani ndiyo mashine kuukuu kuliko zote. Mnyororo wake unakwama, ndiyo maana hataki mtu mgeni aitumie. Mfamasia huikalia kwa ajili ya hewa, maana dukani kwake hakuna dirisha na anashinda humo siku nzima. Pili, muda ni wa aliyevuta. Nimevuta mimi, na kwa mashine mbovu. Nafasi ya nne ni yangu. Adhabu yangu ni kupaka mafuta minyororo yote saba kila Jumatatu hadi atakapochoka kuniona.

Nilimwambia Mfamasia nafasi hiyo aichukue yeye. Nilisema kwa dhati, na niliogopa atakubali. Alikataa. Alisema yeye atakuwa wa akiba, na siku ya mashindano atasimama nyuma yangu anipigie hesabu, maana amegundua nikiwa na mtu wa kumchukia nakwenda vizuri, na yuko tayari kuchukiwa.

Njiani mke wangu alibeba begi langu bila kuombwa. Akasema hakujua mchezo wenyewe ndio huo. Akasema alidhani ningekufa, halafu akaona sitaki kufa, nataka kushinda. Tukatembea. Nimechaguliwa. Nimeandika neno hilo mara tatu pembeni ya ukurasa na kulifuta mara mbili.

Jumapili, 9 Machi

Mwili wote unauma isipokuwa masikio. Nimepumzika na kutafakari kwa kina yaliyotokea.

Kocha amesema si mashine. Nakubali. Nilikosea, na mtu mzima hukiri. Kama ya dirishani ni mbovu na bado nimepata saba hamsini na sita, basi ni wazi mwendo haukutoka kwenye mashine.

Umetoka kwenye kona.

Leo nilipitia ukumbini kwa kisingizio cha kuangalia mafuta. Nikachukua kibiringo cha uzi, nikakiweka sakafuni pale konani. Kikaviringika! Kidogo, lakini kikaviringika. Sakafu ina mteremko. Mashine ikikaa pale inasaidiwa. Watu wamekaa humo miaka mingi wakizungumzia miguu na pumzi, na hakuna aliyeinama kutazama sakafu.

Ukumbi wa mashindano siujui, lakini una kona nne kama kumbi zote. Nitafika alfajiri na uzi wangu, nitapima zote, na mashine yetu itahamia kwenye yenye mteremko. Mashine moja tu. Na safari hii nitahamisha na majina.

Tatizo ni uzito. Peke yangu siwezi, mgongo hauniruhusu. Kwa hiyo nimekwenda kwa Mfamasia nikamweleza mpango wote, kwa siri. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akavua miwani, akaifuta, akaniambia mimi ni mgonjwa asiyekuwa na dawa dukani kwake. Akacheka tena mpaka mteja akaondoka.

Kisha akaniuliza tuonane saa ngapi.