Chafya ya Mzee Kipyego

Jumamosi, 7 Juni

Nimeharibu. Naandika nikiwa nimejifungia chooni, kwa sababu chumbani yuko Kogo, na Kogo anapanga nguo zake mkobani.

Mdogo wangu ana wiki mbili, na leo alikuwa apewe jina la ukoo. Kogo, mama yake Baba, alikuja kutoka Sugoi kwa kazi hiyo. Kwetu, nyanya hutaja majina ya wazee waliofariki, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi mzee huyo ndiye aliyerudi. Mimi nilipewa kazi ya kushika kichwa cha mtoto. Kosa lao.

Nilitaka arudi Babu Kigen, marehemu mume wa Kogo. Babu akiwa hapa Kiplombe, Kogo atarudi Sugoi kumfuata nani? Atakaa. Nataka akae. Tunalala kitanda kimoja, na ndiye mtu pekee katika nyumba hii anayenisikiliza nikisoma kwa sauti hadi nukta ya mwisho. Hata Kiingereza, ambacho hajui.

Nilificha unyoya wa kuku kwenye mkono wa sweta. Kogo alipotaja Kigen, nikamtekenya mtoto puani. Mtoto akakunja uso. Akafikiri. Kogo akataja jina lililofuata, Kipyego. Mtoto akapiga chafya hadi kofia ikamvuka.

Mzee Kipyego alikuwa kaka yake Babu. Yeye na Kogo walinuniana miaka ishirini na mitatu kwa sababu ya mbuzi jike mweusi ambaye kila mmoja alidai ni wake. Hawakusalimiana hata kanisani.

Wamama walipiga vigelegele. Kogo hakupiga. Alimtazama mtoto akamwambia, kumbe umenifuata mpaka hapa. Kisha akatangaza kwamba Jumapili ijayo, Mama akishapata nguvu, yeye anarudi kwake. Hawezi kukaa nyumba moja na Kipyego.

Siku nane.

Jumatatu, 9 Juni

Mwalimu Akello wa Kiingereza ameandika neno moja ubaoni: undo. Tutafute jinsi watu wanavyolisema kwa Kiswahili, kila neno na mfano wake, tulete Ijumaa. Amesema Waingereza wamelibebesha neno hilo kazi za nyumba nzima. Unafungua vifungo nalo, unafumua mshono nalo, unafuta kosa kwenye kompyuta nalo, na ukikosana na uamuzi wako, unaubatilisha nalo.

Nikainua mkono. Nikauliza kama jina la mtu linaweza kutenguliwa. Akauliza la nani. Nikasema ni mfano tu.

Vivian, tunayekaa naye dawati moja, alikuwa na maneno matano kabla ya kengele. Vivian hana lolote la kutengua maishani mwake.

Jumanne, 10 Juni

Nimeanza utafiti kwa Mama Khisa, fundi wa nguo. Amesema yeye hufumua kila siku, lakini kitambaa kilichofumuliwa hubaki na matundu, kwa hiyo nimwambie mapema ni rinda la nani nimeliharibu. Nikatoka upesi.

Shangazi Esther naye nimemuuliza kama jina la ukoo hufumuliwa. Amesema jina si kifungo, na kwa nini nauliza huku nimeshika mlango.

Usiku, mezani, nikatangaza kwamba nilipotaja Babu Kigen karibu na mtoto alipiga chafya tena. Kubwa. Kogo akasema mtoto ana mafua. Akasema kwa baridi hii hata ng'ombe wetu amepiga chafya leo, je, naye tumwite Kigen? Mama alicheka mpaka akashika tumbo.

Jumatano, 11 Juni

Hali mbaya zaidi. Kogo sasa anamchukua mtoto asubuhi, anakaa naye juani nyuma ya nyumba, na anamgombeza mpaka saa sita. Nilipokuja kula chakula cha mchana nilimsikia akimuuliza aliyekunywa maziwa ya yule mbuzi ni nani, ajibu, leo hana pa kukimbilia. Mtoto alikuwa akitoa mapovu.

Nikaona dawa ni moja. Mzee Kipyego aombe msamaha. Nyumbani kwa jirani yetu Mzee Wilson kuna mbuzi mweusi. Nilimleta, nikamfunga mlangoni, nikamwita Kogo nikamwambia mtoto amemrudisha.

Kogo akainama, akamkagua. Akasema huyu ni beberu. Akasema huyo ndiye Kipyego kabisa, anachukua jike analipa dume.

Mzee Wilson alikuwa akimtafuta mbuzi wake tangu saa kumi, kwa kuwa sikuwa nimemwambia. Baba amenipeleka kuomba radhi. Mbuzi hakunitazama.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepeleka maneno manane: fungua, fumua, tegua, tengua, tangua, futa, batilisha, ghairi. Vivian kumi. Mwalimu ameniandikia kwa kalamu nyekundu kwamba mifano yangu yote inahusu familia moja, na je, nyumbani kuko salama.

Tumeulizana tofauti ya maneno hayo. Amesema kughairi ni kubadili nia yako mwenyewe, hakuna anayeweza kukughairia. Nikaandika. Sikuona linanihusu.

Jioni nimemwambia Mama kila kitu. Unyoya, sweta, yote. Akachukua simu, akampigia Shangazi Esther. Majina yatatajwa upya kesho, na mimi nitakaa kwenye zizi la ng'ombe.

Jumamosi, 14 Juni

Nilikaa zizini. Nikasikia majina. Nikasikia chafya, halafu vigelegele. Kigen. Hakuna aliyemgusa. Nilikimbia ndani nimwone Kogo akitoa nguo mkobani.

Alikuwa akifunga zipu.

Alisema ni vizuri, Kigen ni mtu mtulivu, miaka arobaini hakuhitaji kuangaliwa na mtu, na mahindi ya Sugoi yameshikwa na magugu. Nikamwambia lakini sasa Kipyego ameondoka. Akasema ndiyo, na ni hasara. Tangu Alhamisi alikuwa ameamua kukaa mpaka mavuno. Alikuwa na maneno ya miaka ishirini na mitatu, na kwa mara ya kwanza huyo mzee hakuweza kuinuka akatoka.

Shangazi Esther amesema hajamwona Kogo na furaha kama ya wiki hii tangu wamzike Babu.  Nilirudi zizini.

Jumapili, 15 Juni

Ameondoka baada ya ibada. Kitanda ni kipana sana. Nimesoma ukurasa mmoja kwa sauti. Nikaacha katikati ya sentensi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimempigia Kogo kwa simu ya Mama. Nimemwambia mtoto analikataa jina la Kigen. Akiitwa, anageuza kichwa. Ananuna. Anakunja ngumi.

 Kogo akauliza kama ananuna na midomo ameibana. Nikasema ameibana kabisa. Akasema amalize palizi ya upande wa chini, halafu Alhamisi atakuja aione sura hiyo mwenyewe.

Mtoto yuko hapa mbele yangu. Amelala, ametulia, anatabasamu.

Nina siku tatu za kumfundisha kununa.