Siku Mama Mkwe Alipotia Mkono Kwenye Kiondo

Rehema na Felista,

Leo nimeumbuka. Si kuumbuka kule kwa kujikwaa mbele ya kwaya. Nimeumbuka mbele ya ofisi nzima, mwinjilisti wa kanisa letu akiwemo, karani wa serikali akiwemo, na mama mkwe mwenyewe akiwa ndiye aliyeniumbua. Mkimaliza kuisoma barua hii, ichaneni. (Najua hamtaichana. Mtaisoma kwa sauti pale dukani kwa Felista. Basi angalau ngojeni mama yangu aondoke.)

Mnakumbuka niliwaandikia kwamba mtoto wangu alitolewa kwa kisu. Daktari alinifunga mshono, akaniambia bila kuzunguka: "Mama, usishike mimba nyingine kabla ya miaka miwili. Ukishika, mimi sikuahidi kitu." Mtoto sasa ana miezi mitano. Kila nikiyakumbuka maneno yale, mshono unanivuta. Sitaki kufa, jamani. Sikuvuka mpaka kutoka Same na masanduku yangu mawili nije kuzikwa huku Tulia, Kenya, nikiwa na miaka ishirini na nne.

Sasa sikilizeni shida yenyewe. Kwa Wakamba, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na mvulana wa kwanza jina la babu. Ndiyo maana mtoto wangu ni Ndunge na mama mkwe wangu ni Ndunge. Akimbeba mjukuu wake humwita "mimi". "Leo mimi nimelia sana," anasema, naye ni mtu mzima, macho makavu kabisa. Mvulana akija ataitwa Mutua, jina la marehemu mumewe. Na huyo Mutua anangojewa! Kila asubuhi nainama na adabu zangu zote za kwetu: "Shikamoo, mwaitu." (Mwaitu ni mama.) Hajui marahaba. Yeye hujibu, "Mutua anakuja lini?"

Kumwambia hatuwezi. Mume wangu Muthoka ni dereva wa malori ya kujenga barabara kule mjini Wote, mtu wa kushuka milima bila breki, lakini mama yake akikohoa tu anavua kofia. Kliniki ya kupanga uzazi ya huku haimpi mke kitu bila karatasi yenye sahihi ya mume. Alipokuja mwisho wa mwezi alinitilia sahihi huku akichungulia dirishani. "Lakini mama asijue," akasema. Nikamuuliza nitafikaje Kitui bila mama kujua. Akasema, "Wewe ni Mtanzania, una maneno matamu." Shujaa wangu huyo.

Kisha kuna kadi ya bima ya hospitali. Muthoka anayo, kwa sababu ya kazi yake, na kadi hiyo hutibu mke na watoto. Ila mimi simo. Mwezi jana nilikwenda ofisi ya bima nikaomba kwa upole, "Samahani kaka, naomba kuandikishwa kama mke." Karani akanitazama juu mpaka chini. "Wewe si mtu wa hapa." Nikamwonyesha cheti cha ndoa cha Same. Akakigeuza nyuma, akatafuta kitu, hakukiona. "Hii ni karatasi ya Tanzania. Leta mzee wa boma aseme kama mbuzi ya ntheo ilienda." Ntheo ni wale mbuzi wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana. Bila mbuzi hao, kwa Mkamba, hata ufungiwe ndoa na maaskofu watatu, wewe bado ni mgeni aliyekuja kutembea. Na mkubwa wa boma letu ni nani, kama si mama mkwe?

Kwa hiyo leo asubuhi tukaondoka wote watatu kwenda Kitui: mimi, Ndunge mkubwa na Ndunge mdogo. Mimi na kazi mbili, moja ya wazi na moja ya siri.

Tulipofika mjini nikatoa yale maneno matamu. "Mwaitu, wewe pitia sokoni ukauze vyondo vyako, mimi nimpeleke mtoto kupimwa uzito. Tukutane ofisini." Akakubali! Nilijiona mjanja sana. (Mjinga akijiona mjanja, mjue aibu iko njiani.)

Kliniki ilikuwa imejaa. Nesi mwenyewe ni mama mnene mwenye sauti ya kuita watu shambani. Nikamnong'oneza shida yangu. Yeye akajibu ukumbi mzima.

"Unataka KUPANGA?"

"Ndiyo, dada, kwa siri kidogo."

"Na bwana yako amekubali?"

Nikampa karatasi. Akaisoma, midomo ikiyafuata maneno. Akauliza kitambulisho, nikampa pasipoti ya Tanzania. Akaniuliza kwani kwetu hakuna vidonge mpaka nivifuate Kitui. Nikamweleza mshono, nikamweleza daktari, nikamweleza mpaka machozi yakanijia, na hapo akabadilika. Akanivuta pembeni, akanipima, akanipa vidonge vya miezi mitatu. "Hizi unaanza siku ya kwanza ya hedhi. Mpaka hapo, bwana akuje na hizi." Akanikatia kondomu. Siyo mbili. Siyo nne. Mkanda mzima, zimeshikana moja baada ya nyingine.

"Dada, mume wangu anakuja mara moja kwa mwezi!"

"Chukua. Unatoka mbali."

Nikaukunja ule mkanda, nikauzika chini kabisa ya kiondo changu pamoja na vidonge, juu yake nepi za mtoto, juu ya nepi kadi ya mtoto ya kliniki na kipande cha muhogo. Nikatoka kifua mbele.

Nani yuko getini?

"Nimeuza yote," akasema mama mkwe. "Nimekufuata." Kabla sijapumua akachukua kiondo mkononi mwangu. "Mwenye mtoto habebi kiondo. Watu wataniona mimi mkwe mbaya."

"Mwaitu, acha tu, ni chepesi."

"Kama ni chepesi, basi mimi nitabeba."

Nikavuta kidogo. Akavuta kidogo. Amezaa watoto tisa na amelima matuta maisha yake yote, jamani, mimi ni nani? Njia nzima nilitembea nyuma yake nikikitazama kiondo kikicheza mgongoni kwake, kamba kichwani, nikiomba Mungu kimoyomoyo. Sala zenyewe nilizichanganya. Nilianza Baba Yetu nikamalizia na baraka ya chakula.

Ofisini kuna foleni. Nyuma yetu akaja kusimama mwinjilisti wa kanisa letu la Tulia, mtu mrefu, suti ya kahawia, Biblia kwapani, naye amekuja kwa ajili ya kadi yake. Akafurahi sana kutuona. "Mama mwenyekiti!" Maana mama mkwe ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani. Mwaka huu amemsimamisha ushirika msichana mmoja kwa sababu ya sketi tu.

Zamu yetu ikafika. Karani ni yule yule.

"Mbuzi ya ntheo ilienda?"

"Ilienda," mama mkwe akasema.

"Ilivuka mpaka?"

"Mbuzi haina pasipoti. Muthoka alinunua huko huko Same. Tatu. Watu yao wakakula. Uliza huyu."

"Tulikula," nikasema. (Rehema, wewe ulikula mguu mzima, wewe ni shahidi wangu.)

Karani akachukua kalamu. Moyo wangu ukatulia. Lakini mama mkwe aliona kalamu inakwenda polepole, akaamua kuisukuma. Akapaza sauti ili hata walio nje wasikie: "Andika haraka, mwanangu! Mutua yuko njiani!"

Yuko njiani? Mimi ndiyo njia yenyewe, na sijamwona akipita!

Mwinjilisti akasema, "Bwana asifiwe!" Foleni nzima ikasema amina. Mwanamke mmoja akanipigapiga bega. Nikatabasamu, jasho likinitiririka mgongoni, mtoto akalowa.

"Vizuri," akasema karani. "Na huyu mtoto tunaandika pia. Nipe kadi yake ya kliniki."

"Nitatoa mimi!" nikapiga kelele.

"Wewe shika mtoto," akasema mama mkwe, na mkono wake ukaingia kwenye kiondo.

Ukatoka muhogo. Akauweka mezani. Ikatoka nepi. Nyingine. Kadi ilikuwa imeteleza chini. Akapapasa, akashika kitu, akavuta.

Akavuta, wenzangu. Ikaja moja, ikaja ya pili, akafikiri imenasa akavuta kwa nguvu, ikaja ya tatu, ya nne, ya tano. Mkanda ukapita juu ya meza ya serikali, ukapita juu ya fomu ya Muthoka, na ncha yake ikaning'inia upande wa karani. Vidonge navyo vikafuata, pakiti tatu, tap, tap, tap. Mwishoni kabisa ikatoka kadi ya mtoto.

Mwinjilisti akafungua Biblia akaanza kusoma, naye ameishika kichwa chini miguu juu.

Karani akainua ncha ya ule mkanda kwa kalamu. Akanitazama. "Mama Mutua," akasema taratibu, "hii ni nini?"

Nilimtazama mama mkwe. Yeye alikuwa anauangalia ule mkanda. Halafu akaniangalia mimi. Halafu tena mkanda. Nikajua hapo nimekwisha, leo leo narudishwa kwetu, na mbuzi watadaiwa.

Mama mkwe akaanza kuzikunja. Polepole, moja juu ya nyingine, vile anavyokunja leso.

"Ni yangu," akasema.

Karani akakohoa. "Mama... hizi?"

"Si nimesema ni yangu? Kiondo si nilikuwa nimebeba mimi?"

"Na vidonge?"

"Yangu."

"Lakini mama, wewe una miaka..."

"Miaka yangu iko kwa kipande yangu ya kitambulisho. Wewe umeulizwa miaka ama umeulizwa mbuzi? Piga mhuri!"

Akaupiga! Mara mbili, moja kwangu, moja kwa mtoto, bila hata kusoma. Nyuma yetu mtu alikuwa anacheka kwa pua. Mama mkwe akageuka, akarekebisha kitambaa chake kichwani, akasema, "Mwinjilisti, tuonane Jumapili," akatoka. Mjane wa miaka zaidi ya sitini, mwenyekiti wa akina mama, ametoka ofisini na mali yake kwenye kiondo.

Nilimfuata mbio. Tulivuka barabara, tukapita maduka. Tulipofika kwenye kivuli cha ukuta wa posta, akasimama. Nikaanza kulia. Nikamwambia yote, kisu, mshono, daktari, miaka miwili, na kwamba naogopa kufa.

"Muthoka anajua?"

"Anajua."

"Na hakuniambia. Mwoga, kama baba yake tu." Akanifuta uso kwa ncha ya leso yake. "Unafikiri mimi sijui hizo vitu? Nesi alikuja kwa kikundi chetu. Alivalisha mwiko. Mwiko wangu!"

"Mwaitu, sasa kwa nini ulisema ni yako? Watu watakusema."

"Watanisema nini? Mimi nimezaa tisa, nimezika bwana. Wakinisema nitalala vizuri. Wewe ni mgeni. Wakianza na wewe hawataacha."

Hapo nililia upya, na sasa si kwa woga. Nampenda huyu mama, jamani. Sikujua mpaka leo.

"Na Mutua?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Mutua alinioa, halafu akaenda vita ya Wazungu huko Burma. Miaka minne. Barua moja. Mimi nikangoja." Akajitwisha kiondo, kamba kichwani. "Sasa wacha yeye angoje. Ni zamu yake."

Tumefika nyumbani, tumekula ule muhogo, na kesho nimeambiwa niamke mapema tupande mbaazi. Vidonge ameniwekea yeye, juu ya kabati, nyuma ya kitabu cha nyimbo. Ule mkanda amesema atamkabidhi Muthoka mwenyewe, mkono kwa mkono, mwisho wa mwezi. Siku hiyo nitakuwa nimejificha nyuma ya ghala, nikisikiliza.

Basi, chekeni, siwezi kuwazuia. Ila mkinijibu, nawasihi, msiandike neno lolote kuhusu mipira, wala msichore picha, Felista nakujua. Barua zote za Tulia huja kwa sanduku la posta la kanisa, na anayezifungua kabla ya kuzigawa ni mwinjilisti.

Wenu,
Aneti