Foksi, Pazia na Mama Mkwe

Jumapili, 8 Agosti 1999

Hukumu imetoka leo baada ya misa. Mke wangu Esteri amesema Foksi, kigari changu cha mgongo wa kobe, iondoke. Hakupaza sauti. Alikuwa anachambua maharage, akasema tu, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Angegomba ningekuwa na la kujibu.

Kaka yake, Leonidasi, mashine yake ya kusaga kule Kibondo imekufa. Anataka injini ya Foksi aifunge kwenye mashine. Injini ya gari langu isage mahindi! Shemeji huyu hajawahi kupenda kitu kisichotoa unga.

Nimejaribu kumweleza mke wangu. Gari kubwa linakubeba, gari dogo unalivaa. Haya magari meupe ya mashirika ya wakimbizi yanapita hapa Kasulu kutwa, vioo vimefungwa, hujui ndani yumo nani. Foksi ikiwa bado mtaa wa pili, watu sokoni wameshasema Tharsisi mpiga picha anakuja. Haina rejeta, haiombi maji. Spana ya kumi na tatu inafungua karibu kila kitu. Ikiumwa inasema inaumwa wapi, tofauti na watu wengine wa nyumba hii. Ni ya mwaka sitini na nane. Nilipewa na parokia padre wa zamani aliporudi kwao, kwa kuwa nilikuwa nimewapigia picha bure miaka mingi.

Esteri alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama inawaka.

Yenyewe haiwaki. Stata imekufa tangu Pasaka. Lakini naegesha kwenye mteremko, nasukuma kidogo, narukia ndani, natia gia, inawaka. Mji huu umejaa miteremko. Mungu hakuiweka bure.

Tumeafikiana hivi. Jumamosi mdogo wake, Claudine, anaolewa hapa Kasulu. Mama yao yuko Munanila, mguu na kiuno vinamsumbua, hawezi kupanda lori la wageni. Nikimfikisha kanisani kwa heshima kabla ya bibi harusi kuingia, Foksi inabaki. Nikishindwa, Leonidasi anang'oa injini. Nimekubali upesi mno.

Jumatatu, 9 Agosti

Leonidasi amefika na basi la Kibondo, futi ya fundi mfukoni. Hakuomba hata maji. Alitaka aione injini.

Nikamfungulia boneti ya mbele. Tupu. Tairi la akiba na vitunguu vyangu. Nikajishika kichwa. Nikamwambia wezi wa siku hizi hawana hofu ya Mungu. Akatikisa kichwa, akanipa pole, akanipeleka kunywa soda. Mtu mwenye mashine yake mwenyewe!

Mchana kutwa nilikuwa na furaha. Jioni Esteri akamwambia kaka yake kwamba injini ya Foksi inakaa nyuma. Kupitia dirishani nilimwona Leonidasi akiipima urefu, akiipima upana, akiipapasa kama ng'ombe wa mahari. Aliporudi ndani alicheka hadi akafuta machozi. Alisema shemeji yake angefaa sana kwenye siasa.

Jumanne, 10 Agosti

Nimeipeleka Foksi Makere, kwa Wilondja, fundi Mkongo wa kambi ya Nyarugusu. Anafanyia kazi chini ya turubai pembeni ya soko. Aliizunguka gari, akacheka peke yake, akasema haka kavwatire, yaani kigari, kako na roho ya mbuzi, hakafe leo hakafe kesho. Nikampenda palepale.

Alisema demarere iko kaputi. Ndiyo stata hiyo. Akaifungua, akaipulizia, akaifunga na waya wa shaba, akanipa ufunguo nijaribu. Ikawaka. Yenyewe, bila mteremko! Nikaizima ili niiwashe tena nifurahi mara ya pili.

Haikuwaka tena. Wilondja alisema nisingeizima. Ushauri mzuri, ila ulichelewa. Na pale sokoni ni tambarare kama meza. Akina mama wa mihogo ndio walionisukuma, na njia nzima waliimba wimbo ambao nina hakika ulikuwa unanihusu.

Jumatano, 11 Agosti

Leo ndipo nimeliona tatizo lenyewe. Nilikuwa nahangaika na stata kumbe shida ni kiti.

Huku kwetu mkwe na mama mkwe hawakai pamoja. Hawali chungu kimoja, hawatazamani usoni. Jina lake silitamki, na hapa pia siliandiki. Tangu nimemwoa Esteri, mimi na mama yake tumesalimiana tukiwa tumepeana mgongo, na tumeishi vizuri sana. Kwenye lori angekaa kule nyuma. Lakini Foksi! Aliye nyuma akipiga chafya, aliye mbele anafuta shingo.

Leonidasi alilijua hili tangu Jumatatu. Ndiyo maana alikuwa anatabasamu kwenye chai.

Nimelala kitandani mchana na viatu, nikawaza. Nikaamka na jibu. Pazia. Kitenge kizito, mara mbili, kuanzia darini hadi sakafuni, kati ya kiti cha mbele na cha nyuma. Nimemwambia Esteri. Akasema hili ndilo wazo la kwanza la maana nililotoa mwaka huu. Nimemwomba alirudie mbele ya kaka yake. Hakutaka.

Alhamisi, 12 Agosti

Pazia limefungwa. Zuri. Kila anayeliona anauliza kama padre atakuwa anaungamisha humo.

Kasoro moja. Sioni nyuma. Nimerudi nyuma kidogo na nimepita juu ya muhogo wa jirani yetu, Mama Adolphe, aliokuwa ameuanika. Alisema kwa upole kwamba kinu alikuwa nacho tayari.

Esteri amenipa masharti ya kwao. Foksi ina milango miwili tu, na wa nyuma haingii mpaka kiti cha mbele kikunjwe. Kwa hiyo mama akipanda au akishuka, mimi nijitenge mahali nisipomwona. Akishatulia atapiga makofi, ndipo nije. Sharti la pili, njiani mama anaweza kuongea, mkwe hajibu. Mkwe akinyamaza amekubali. Kama hataki, anakohoa. Nikauliza nikiwa na mafua je. Esteri akasema nisiwe na mafua.

Ijumaa, 13 Agosti

Niko Munanila, nyumba ya jirani yao. Foksi nimeiegesha juu kabisa, imeangalia bondeni, jiwe chini ya tairi. Handbreki ni pambo tu. Leonidasi amekuja na lori la wageni na amenitakia safari njema mara tatu. Sikuipenda ile ya tatu.

Jumamosi, 14 Agosti, jioni

Niandike taratibu.

Alfajiri nilikaa nyuma ya migomba. Makofi yakalia. Nikaja, nikatoa jiwe, nikasukuma, nikarukia ndani, ikawaka. Nyuma ya pazia kulikuwa na mama mkwe, kapu na dumu la pombe ya ndizi.

Tulikwenda kipande kirefu. Kisha akaanza kuongea. Sijawahi kumsikia akiongea zaidi ya salamu. Alisema injini inampasha kiuno, maumivu yamelala. Alisema magari makubwa yanamtupatupa, hili limemshika kama mtoto mgongoni. Alisema anaisikia kila ikibadili sauti mlimani na anajikuta anaisaidia kwa mabega. Mimi pia huisaidia kwa mabega! Miaka yote hii nimeoa kwenye nyumba ambamo kuna mtu mmoja anayenielewa, na siruhusiwi kumtazama.

Shida yake ni kwamba anamjua kila mtu. Na salamu za huku si za kupunga mkono. Ni kupiga makofi, kuinama, kuulizia nyumba, watoto, ng'ombe na ndama wa ng'ombe. Nilikuwa nasimama injini ikiunguruma, anasalimia dirishani, tunaondoka. Tulipopita Buhigwe akamwona Niyonsaba, rafiki yake tangu walipovuka pamoja kutoka Burundi. Huyo si wa dirishani. Lazima ashuke wakumbatiane.

Nikaweka jiwe, nikaenda kwenye migomba. Huku nyuma nikasikia Foksi inakohoa na kuzimika. Sikujali, tulikuwa kwenye mteremko. Nikasimama nimetazama shamba, kama adabu inavyotaka. Nikasikia makofi ya kuagana. Nikasikia makofi ya kuniita. Nikafunga kamba ya kiatu, nikasikia mlango, nikageuka.

Foksi ilikuwa inaondoka.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Niyonsaba aliliondoa jiwe ili mwenzake asijikwae na ule mguu mbovu. Kisha akaubamiza mlango, na Foksi ikang'oka. Mama mkwe aliposikia mlango akajua nimeingia. Na Niyonsaba, ambaye macho yake si ya kuaminiwa, alikuwa amesimama barabarani anaipungia gari isiyo na dereva.

Nilikimbia. Sikupiga kelele. Kumpigia kelele mama mkwe ni utovu wa adabu, na naapa nililifikiria hilo huku nakimbia. Kupitia kioo cha nyuma niliona kilemba chake kikitikisika. Alikuwa anaongea. Alikuwa hata anaonyesha kitu kwa kidole. Foksi haikuwa na haraka, ilikwenda kwa mwendo wa baiskeli, imetulia, imeshika njia yake. Mahali penye kona haikukata kona. Ikaingia shamba la viazi vitamu, ikapanda tuta, ikapanda la pili, ikaona inatosha.

Nikafungua mlango polepole, nikakaa, nikajaribu kupumulia puani. Nyuma ya pazia mama mkwe alikuwa anamalizia kusema kwamba basi, anashukuru sana. Kisha akaongeza kwamba kipande hiki nimeendesha vizuri kuliko vyote. Bila makelele, bila kurusharusha. Kumbe naweza.

Nikafuta jasho kwa shati.

Lori likatukuta hapo. Leonidasi, juu ya magunia, ndani ya suti, akauliza kwa sauti ya watu wote gari inafanya nini kwenye viazi. Kabla sijapata uongo, mama yake akamjibu kutoka nyuma ya pazia kwamba mkwe amemwegesha apumzike, na yeye badala ya kupiga domo ashuke asukume. Akashuka. Akasukuma. Injini ilipowaka ilimtolea moshi wote kwenye shati jeupe. Dakika hiyo peke yake ingenitosha mwaka mzima.

Tulifika kanisani, Claudine bado anafungwa shela. Esteri alimtazama mama yake, akaitazama Foksi, akasema haya. Kwa Esteri hiyo ni hotuba. Foksi inabaki! Nimecheza ngoma hadi soli imeachia.

Jumapili, 15 Agosti

Kupalizwa kwa Bikira Maria. Baada ya misa ukoo wote ulikuja kula kwetu. Mama mkwe alikaa chumba cha pili, mgongo mlangoni, akaomba neno.

Alimshukuru mkwe wake mbele ya watu kwa zawadi. Nikatabasamu na wengine. Sikuwa najua zawadi gani. Esteri naye hakujua. Mama akaeleza. Jana baada ya Buhigwe, gari ilipokuwa imetulia vizuri, aliniomba niiache Foksi uani kwake Munanila iwe inamkalisha, maana hakuna kiti kilichowahi kukikubali kiuno chake kama kile. Aliniambia wazi kwamba kama sitaki, nikohoe. Akangoja. Akasema tena. Akangoja tena. Mkwe hakukohoa.

Wazee wakapiga makofi. Leonidasi alipiga kuliko wote.

Nilifikiria haraka. Nikisema sikusikia, wataniuliza nilikuwa wapi. Nikisema nilikuwa migombani, basi nimemteremsha mama mkwe mlimani peke yake bila dereva. Hapo Foksi inakwenda kusaga mahindi Kibondo, na mimi sina wa kunipikia ugali wake. Kwa hiyo nikakohoa. Nikakohoa kwa nguvu.

Esteri akaniletea maji.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimeipeleka. Mama mkwe aliingia nyuma hata kabla sijaiegesha vizuri. Nilisikia makofi nikiwa bado natafuta mgomba. Nilipoondoka alikuwa ndani ameshusha pazia, anachambua mboga. Ataniita siku za kwenda kanisani, niiendeshe. Pazia libaki.

Imeniuma. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna wa kumwambia. Nimerudi kwa lifti ya gari jeupe la shirika. Lilikuwa na ubaridi ndani, halikusikika hata likipanda mlima, na watoto wa barabarani hawakunitambua.

Nilipofika Leonidasi alikuwa anangoja basi la kwao. Siku hizi ananipenda. Akaniambia Kibondo, nyuma ya ghala moja la zamani, kuna kigari, kifiati kidogo sana, cha enzi hizo, humo wanalala kuku. Mwenyewe yuko tayari kukibadilisha na ile kamera yangu kubwa. Nikauliza jambo moja tu, kama kiti cha nyuma kipo. Hakipo, kuku wamekimaliza. Na hata kingekuwepo, alisema, hapo nyuma mtu mzima hapiti.

Kesho napanda naye basi. Esteri nimemwambia nakwenda kupiga picha za ubatizo. Usingizi umegoma, nimekaa nikajichunguza kwa makini nilikosea wapi, na nimepata. Foksi ilikuwa kubwa mno.