Moyo Wangu Kwenye Kisanduku

Jumatatu, tarehe 3
Nimerudi kutoka hospitali. Waya mbili nyembamba kama nywele zimeingizwa chini ya ngozi ya kifua. Zinanasa umeme wa moyo na kuupeleka kwenye kisanduku kiunoni. Wiki nzima. Tangu nizimie na mwanangu mikononi (aliangukia godoro, akacheka), nimekatazwa kumbeba mpaka majibu yatoke. Anambeba wifi. Nimekata shauri: moyo wangu utatoka msafi. Sitasogea.

Jumatano, tarehe 5
Nipo chali. Ngazi sipandi, ndoo sigusi, hata chafya nimeizuia. Wifi amepita na mwanangu mgongoni, akauliza mimi ni bibi harusi au maiti. Nimefumba macho. Hasira nayo ina umeme.

Nasikia cherehani ya mume wangu. Zamani nilikuwa nampelekea gauni moja lilelile. Apunguze kiuno. Wiki ijayo apanue. Kisha apunguze tena. Kitambaa kilipochakaa ndipo akaniuliza nataka nini hasa. Siku zile ngazi zake nilizipanda mbilimbili. Moyo umeanza kudunda. Nimeacha kukumbuka, nikahesabu mabati.

Jumamosi, tarehe 8
Mtoto amemwita wifi "mama". Wifi akaona haya, akasema huyu huita kila kitu hivyo, hata sufuria. Nimegeukia ukutani. Juzijuzi tu alikuwa analala hapa hapa zilipo waya, kichwa kinanukia maziwa na sabuni. Siku mbili zimebaki.

Jumatatu, tarehe 10
Daktari amesoma. Msafi kabisa! Nikaomba wifi anipe mwanangu palepale. Daktari akauliza wiki yangu ilikuwaje, nikamweleza kwa fahari. Akavua miwani. Kumbe walitaka kuukamata moyo ukikosea, nikiwa napanda, nafua, napika. Moyo wa mtu aliyelala hauwaambii kitu. Wiki nyingine, niishi kama kawaida.

Wifi akaniuliza kama hata ugonjwa nataka kuutapeli. Akaahirisha safari yake ya kurudi kwake bila kununa. Akaniketisha, akaniwekea mtoto mapajani, akamshikilia upande wa pili.

Kosa langu nimeliona. Kesho silali hata kidogo. Ngazi mara arobaini, mapazia yote nifue, kabati nilihamishe. Makosa ya wiki nzima niyamalize asubuhi moja, mchana nirudishe kisanduku, jioni nimbebe mwanangu. Daktari sijamwambia. Nataka kumfurahisha.