Kumrekodia Baba Gari Yake

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo baba kaniomba kitu. Mimi! Miaka arobaini na tatu ananiomba nimpishe njia tu.

Baba, Mzee Machano, alikuwa dereva wa mbio za magari ujanani. Sasa sukari imemla macho, na miguu haimshushi tena ngazi za ghorofa tano hapa Michenzani. Gari yake nyekundu iko chini, imefunikwa turubai. Kasema anataka kuisikia inavyokwenda mbio, kama yumo ndani.

"Nirekodie, Mcha. Hata dakika mbili."

Dakika mbili! Hanijui. Nauza chaja na spika za simu Darajani, mambo ya sauti ndiyo yangu. Nitamletea kitu ambacho studio nzima haitakiweza. Shemeji yangu Ridhwan, anayerekodi maharusi na kujiona redio ya taifa, akasema ana maiki nzuri, ataniazima. Nimemshukuru, nikakataa. Sitaki baba aseme ahsante Ridhwan.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefanikiwa! Au karibu nifanikiwe.

Njia ya Kiwengwa kuna machimbo ya mawe yaliyoachwa. Jamaa yangu Wakil kayasawazisha, kachonga humo uwanja wa mbio wa vumbi, duara moja na kona nne. Kanifungulia. Simu nimeibandika juu ya dashibodi, madirisha wazi kwa ajili ya joto. Mizunguko sita. Kona ya pili niliingia kichakani na kutoka upande wa pili. Gari nzima. Mimi nusu.

Nyumbani nikampa baba simu, akaiweka sikioni. Upepo! Upepo mtupu, kama kusi limefungiwa ndani ya kopo. Gari haisikiki. Ninachosikika ni mimi: "Shika njia, we gari! Usinitie aibu!" Halafu, penye kichaka, natoa shahada.

Baba akacheka mpaka akapaliwa. Akasema imetosha, nikae, tuisikilize tena pamoja. Lakini Ridhwan naye alikuwepo. Akasema, kwa ile sauti yake ya upole inayoudhi, kuwa upepo haufai, madirisha yafungwe na maiki ikae chini. Masikio yakaniwaka moto. Nikaichukua simu mkononi mwa baba, nikawaambia hayo yalikuwa majaribio tu. Dada yangu Mwanakheri kaomba nimtumie sauti hiyo kwenye simu yake. Nimemtumia ili anyamaze.

Alhamisi, 11 Septemba

Mpango mpya. Sauti ya gari inatoka wapi? Ekzosi, bomba la moshi. Basi maiki iende kwenye buti, karibu na ekzosi. Nimenunua kimaiki kidogo cha kubana kwenye shati, nikakibandika kwa gundi. Madirisha nimefunga. Nimetoka mle nimeiva.

Matokeo: mtu anakaanga bajia ndani ya bati. Mngurumo ulikuwa mkubwa, kiwango cha kurekodi nimekipandisha mpaka mwisho, sauti yote imepasuka. Na jeki ilikuwemo kwenye buti, inabiringika. Kila kona, ngoma!

Baba kasikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Kasema, "Kaa kidogo leo. Mchana umekuwa mrefu siku hizi."

Nimekaa. Pembeni ya kitanda, robo saa, nikisoma kwenye simu habari za viwango vya sauti. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia ni kwa ajili yake. Akasema vyema. Akanipapasa goti, kisha akalala.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya sala Ridhwan kanishika mkono nje ya msikiti. Kasema maiki niilaze sakafuni, nyuma ya kiti cha dereva, niivishe soksi nene, na kiwango nikishushe mpaka gari ikilia kwa nguvu zote sauti isipasuke. Nimemjibu kuwa hayo nshayafikiria. Sikuwa nimeyafikiria hata moja. Kajitolea kunifuata, yeye aangalie maiki, mimi niendeshe. Nimemwambia gari haipendi uzito.

Mama, Bi Mwatum, kanisubiri mlangoni. Baba hajala tangu jana. Anaona bora kesho nisiende kokote. Nimemweleza kuwa kesho ndiyo siku yenyewe, leo nimepata siri yote. Akaniuliza siri gani. Nikamwambia soksi. Akaniangalia sana.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika kwa mpangilio, maana nikiacha mpangilio sitaandika.

Asubuhi nimetoa kila kitu garini. Jeki, tasbihi ya kwenye kioo, vijifunguo, chupa ya maji. Mlango wa nyuma uliokuwa ukilialia nimeutia kitambaa. Maiki sakafuni, ndani ya soksi mbili, imechomekwa kwenye kinasa sauti kidogo nilichokitoa dukani kwangu. Kiwango chini. Madirisha juu. Simu nimeizima kabisa, maana ikiita, mvumo wake huingia kwenye maiki. Na mdomo nimeufunga. Sikutaka baba asikie tena kelele zangu.

Mizunguko kumi na miwili. Yarabi, ilivyotoka! Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja peke yake. Injini inapanda, inashuka penye kona, inapanda tena. Changarawe chini ya sakafu kama mvua. Nimesikiliza mara mbili nimekaa juu ya jiwe. Nimelia. Wakil kaniletea chai, nikasikiliza ya tatu. Nikawaza: leo atajua mwanawe ni nani.

Simu sikuikumbuka.

Michenzani nimepanda ngazi mbio, kinasa sauti mkononi. Ghorofa ya nne nikaona viatu. Ghorofa ya tano viatu vimejaa mpaka kwenye ngazi. Nikasimama. Nikajiambia labda wageni. Viatu vingi hivyo, Mcha, wageni gani?

Baba kafariki saa saba mchana. Wamenipigia mara thelathini na moja. Jeneza lilikuwa limeshafunikwa, wananingoja mimi ili waondoke, wasipitwe na Alasiri.

Kumwosha baba ni kazi ya mwanawe mkubwa. Kamwosha Ridhwan.

Makaburini kaniachia nafasi, mimi nikaingia kaburini kumpokea baba. Kanishika mkono nilipotoka. Hakusema neno. Angesema! Ningepata wa kumkasirikia.

Jumapili, 14 Septemba

Watu wameingia na kutoka. Pole, pole, pole. Kinasa sauti kimo mfukoni, kinanigonga pajani nikiinama kuwapa mkono.

Mwanakheri kanivuta jikoni. Kasema baba aliamka jana akaomba ile ya upepo. Kawekewa simu sikioni, akairudia asubuhi nzima. Dada akamuuliza anasikia nini humo, gari yenyewe haisikiki. Baba akamjibu, "Gari siisikii. Namsikia Mcha."

Kisha akauliza niko wapi. Wakamwambia nakuja. Akauliza tena. Wakamwambia nakuja.

Wote walipotawanyika nimeshuka, nimekaa ndani ya gari, nimeisikiliza ile ya mizunguko kumi na miwili. Safi. Hakuna upepo, hakuna mkwaruzo. Hakuna mtu. Utadhani gari inajiendesha yenyewe.

Nimejaribu kuongea kidogo, peke yangu pale. Baba, hii gia ya tatu, unaisikia? Sikuweza kuendelea.

Jumatano, 17 Septemba

Hitima imesomwa jana. Majirani wamerudisha masufuria yao. Nyumba imekuwa kubwa.

Mama yumo edani, chumbani kwake. Sauti imemkauka kwa kulia na kuitikia pole. Mchana kaniita nile naye, kasema chakula hakimpiti peke yake. Nilipomsikia ndipo nikagutuka: sauti ya mama sinayo! Hata neno moja! Na yeye ana miaka sabini na moja.

Safari hii sitachelewa. Nimemwambia Ridhwan. Akasema niingie chumbani, nikae naye, niweke simu mkekani, tuzungumze tu kama siku zote.

Simu! Kwa mama yangu mzazi!

Nungwi kuna mpiga gitaa wa hotelini, ana maiki ya studio na kiguzo chake. Keshakubali kuniazima, nikiifuata leo hii. Chumba cha mama kina mwangwi, nitasimamisha magodoro ukutani. Feni izimwe. Majirani wa juu wasiburute viti, nitawaandikia. Maswali nitayaandaa, yafike arobaini, kwa mpangilio, kuanzia utoto wake. Ikifika Ijumaa nitakuwa tayari. Jumapili, kama magodoro hayatoshi.

Kaniita tena sasa hivi, wali unapoa. Nimefungua mlango kidogo, nikamwambia aanze yeye. Na asizungumze na mtu mpaka nirudi, aitunze sauti.