Kabla ya Kununua Kitabu cha Kitambi

Jumatatu, 7 Aprili

Idi imepita wiki nzima. Biskuti zake hazijapita. Ziko kiunoni.

Nimekwenda kwa daktari. Ameniambia magoti yangu yanabeba watu wawili na mmoja wao hana kazi. Kijana wa juzi tu. Mama yake nilimfundisha kushona mimi.

Wakati wa kurudi nikapita kwenye duka la vitabu la Bwana Shadhli. Dirishani kuna kitabu kipya, Siku Arobaini za Kuaga Kitambi. Jaladani mwanamke amesimama ndani ya suruali yake ya zamani, na nafasi iliyobaki ingetosha mpangaji. Dinari thelathini na nane. Nikamuuliza Shadhli kama kinafaa kweli. Akasema kazi yake ni kuuza, si kupungua.

Sasa, Monjia. Wifi yangu, dada wa mume wangu Hedi. Siku ya Idi aliingia kwetu gauni linamcheza mwilini, wanawake wote wakamzunguka kama nzi kwenye tende. Wakamwuliza siri yake. Akasema ni kitabu, hicho hicho. Nilimwomba aniazime, akasema keshamwazima mtu. Monjia huyu! Mwanamke asiyeazima hata chekeche.

Nimeamua. Sinunui bila ushahidi. Supu huonjwa kabla ya kulipiwa.

Jumatano, 9 Aprili

Mbinu ya kwanza: kukisoma hapo hapo dukani, bure.

Nilichukua atlasi kubwa, nikakiweka kitabu katikati, nikasimama kwenye kona kama mtu anayetafuta njia ya kwenda Brazili. Kurasa ishirini za mwanzo, mwandishi anajisifu. Kumi zinazofuata anakataza. Mkate usile. Sukari usile. Wali usile. Kuskus yetu ya ngano, achana nayo. Nikajiuliza huyu mtu alizaliwa wapi na kama mama yake yu hai.

Ukurasa wa thelathini na moja umeandikwa, "Na sasa tuanze mazoezi." Hapo hapo nikasikia sauti ya Shadhli nyuma ya shingo yangu.

"Bi Naziha, hiyo safari yako ya Brazili naona imefika tumboni."

Nikamwambia naangalia milima. Akasema nikifungua ukurasa wa thelathini na mbili atanifungia mzigo na risiti. Nilirudisha atlasi. Nimeondoka na kichwa juu. Ila sijui mazoezi ni yapi.

Jumamosi, 12 Aprili

Mbinu ya pili: Hedi.

Ana kitambi cha kutosha, na hana kazi tangu astaafu posta. Mtu wa kujaribiwa nimeolewa naye, nihangaike na nini? Tangu Alhamisi nampa mayai ya kuchemsha, matango na maji. Mkate nimeuficha ndani ya kabati la cherehani. Sikumweleza sababu. Ukimweleza mtu sababu, jaribio linaharibika.

Siku ya kwanza alikula kimya. Siku ya pili aliuliza kama kuna msiba ambao hajaambiwa. Leo nimempeleka duka la dawa, nikampandisha kwenye mizani. Kilo moja zaidi! Nikamtazama vizuri. Harisa, ile pilipili ya kusaga, kwenye sharubu. Nilipombana akakiri kwamba kila adhuhuri anakwenda kwa muuza mikate ya kukaanga pale sokoni, ile iliyojaa jodari na yai, naye hula miwili.

"Mitatu jana," akasema. "Jana ilikuwa Ijumaa."

Matokeo ya jaribio: hayaeleweki. Kitabu hakijashinda wala hakijashindwa. Hedi ndiye kashindwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Mbinu ya tatu nilidhani ni ya busara kuliko zote. Hamamu, bafu la mvuke la mtaani.

Gauni huficha. Mkanda wa tumbo huficha. Hamamuni hakuna siri, kila mtu na tumbo lake. Nilimwalika Monjia mara mbili akakataa. Ana mafua, ana wageni. Wageni gani, mjane anayeishi peke yake? Mara ya tatu nilimwambia nimeshamnunulia sabuni na itaharibika. Akaja, saa ya wanawake, baada ya adhuhuri.

Alikaa kwenye joto amejifunika taulo hadi kidevuni. Nikasema nitamsugua mgongo. Akasema hapana. Nikasema wifi, mgongo haujisugui. Mwisho akageuka.

Nilikuwa nimejiandaa kuona husuda. Nimeona mifupa. Uti wa mgongo wake unahesabika kama tasbihi. Mabega yametoka kama vishikio vya chungu. Nikavaa ile glavu ya kusugulia nikaanza, na mkono wenyewe ukawa mwepesi bila mimi kuuambia.

Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, yale mazoezi ya ukurasa wa thelathini na mbili huyafanya asubuhi au jioni. Akavuta taulo juu kidogo. Nikauliza basi kuhusu mkate. Akasema kitabu kinaruhusu mkate.

Hakiruhusu. Hilo mimi nimelisoma.

"Wifi," akasema, bado amenipa mgongo, "mimi sina kitabu chochote. Nimekiona dirishani tu, kama wewe."

Kisha akaeleza, taratibu, kama mtu anayefumua mshono. Tangu Januari, Anisi, mwanawe wa pekee, alipokwenda Ujerumani kuuguza wazee, anapika chungu kile kile cha watu wawili. Anapakua. Anatazama kiti. Anarudisha chakula chunguni. Siku ya Idi watu walipomsifu, akaona ni rahisi kusema kitabu kuliko kusema meza ya mtu mmoja.

 Nikaendelea kumsugua mgongo. Nilimsugua mpaka mhudumu akatuuliza kama tunataka kubandua ngozi.

Jumanne, 15 Aprili

Nimefikiri tangu asubuhi. Ukimpelekea Monjia chakula kwa huruma, atakirudisha na chombo kimeoshwa kuliko kilivyokuja. Namjua. Kwa hiyo mbinu ya nne.

Saa sita nilibisha mlangoni kwake na chungu cha kuskus ya samaki. Nikamwambia nimegombana na kaka yake kwa sababu ya mkate, siwezi kuutazama uso wake wakati wa kula, naomba hifadhi ya saa moja. Akafungua mlango. Alifurahi mno kusikia kaka yake ana makosa.

Tulipokaa tu, mlango ukabishwa tena. Hedi. Naye amekuja kumwambia dada yake kwamba nyumbani kwake hakuliki na anaomba hifadhi. Hatukuwa tumepanga. Tukatazamana. Monjia akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, kisha akaleta sahani ya tatu.

Alikula. Si sana, lakini alikula. Akasema samaki wangu hana chumvi. Nilitamani kumbusu.

Jumapili, 20 Aprili

Ugomvi wetu wa uongo unaendelea vizuri. Kila mchana tunakwenda kwa Monjia, tukinuniana kwa zamu. Leo tumechemsha maua ya mdanzi ukumbini kwake kupata marashi, maji yakidondoka tone kwa tone kwenye chupa, nyumba nzima inanukia harusi. Anisi akapiga simu ya video katikati. Aliona watu watatu, chungu, chupa, fujo. Akauliza kuna nini. Monjia akamwambia ni wakimbizi wa mkate. Akawa anatafuna wakati anaongea. Kijana yule akasogeza uso karibu na simu, akasema, "Mama, unakula nini? Nionyeshe." Monjia akaelekeza simu kwenye sahani.

Nikaenda jikoni kutafuta kizibo. Kizibo kilikuwa mkononi mwangu.

Jioni Monjia ameniambia kwamba nikikaa kwenye kochi lake, kochi linalalamika. Amepona huyu.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimepanda mizani ya duka la dawa. Nimeongeza kilo tatu. Mfamasia akasema labda mizani ina kosa, kwa adabu tu.

Nikatafakari upya suala la kitabu. Monjia hakukisoma. Hedi hakukifuata. Mimi niliishia ukurasa wa thelathini na moja. Kwa haki kabisa, hakuna aliyethibitisha kwamba ni kibaya. Nikavaa viatu nikakinunue. Mlangoni nikakutana na Hedi, kifurushi kwapani, anatabasamu kama bwana harusi. Amenisikia nikikitaja siku ishirini, akadhani ni kitu ninachokitamani. Amekinunua. Dinari thelathini na nane kamili, hakuomba kupunguziwa hata moja!

Mume kumletea mkewe kitabu cha kitambi. Kwa upendo. Sijui kanuni ya dini inasemaje. Nilimbusu shavuni, nikamwambia asante, kisha nikakirudisha kwa Shadhli kwa njia ya nyuma.

Shadhli amesema pesa hairudi, kubadilisha ruksa. Nikazunguka rafu nusu saa. Nimechagua kitabu kizito cha halua, biskuti za kaki na vitamutamu vya lozi, chenye picha. Imenibidi niongeze dinari saba. Shadhli alitaka kusema kitu, akaona heri afunge mzigo.

Yeye anatazama jina la kitabu tu. Mimi nimetazama ushahidi. Nyuma ya jalada kuna picha ya mpishi mwenyewe, mwanamke wa miaka sitini, mwembamba kama sindano. Mtu anapika vitu hivi kila siku na ana kiuno kile. Lazima kuna jambo humo ndani.

Nimeshapaka siagi trei. Naanza na ukurasa wa kwanza, na safari hii nafuata kila neno.