Kemshafti ya Mbio na Baraza la Kaole

Jumatatu, 8 Septemba
Mikdad ananikera! Kijiweni kwetu bodaboda kasema tena pikipiki yangu inakohoa. Halafu nasikia naye kapeleka posa kwa Mzee Bwanausi wa Kaole, kumposa binti yake Mina. Mina wangu! Posa yangu ilitangulia. Jibu Jumapili. Lazima Mina ajue nani mwanamume barabarani.

Jumanne, 9 Septemba
Kwa fundi Yunus. Nimetaka kemshafti ya mbio, ile inayofungua valvu zaidi, na hedi ya injini ikwanguliwe mpaka mgandamizo ufike kumi na mbili kwa moja. Yunus kasema kwa kubeba abiria, mgandamizo wa tisa na nusu unatosha, na kemshafti ya kiasi. Ya mbio haina nguvu ukienda taratibu, itazima. Nikamuuliza nani anaenda taratibu. Kaguna, kachukua spana.

Alhamisi, 11 Septemba
Moto! Yunus kamaliza kazi, kwenye lami Mikdad nimemwacha mbali. Kiki ya kuwashia imenirudi kwa nguvu, kifundo cha mguu kimevimba. Si kitu.

Jioni, Kaole. Mzee Bwanausi na wenzake barazani. Nikapunguza mwendo niwaamkie. Ikazima! Wakaniuliza hali, mama, shangazi, mihogo yetu shambani Kiwangwa. Nikajibu yote huku napiga kiki. Haikuwaka. Nimeisukuma mpaka njia kuu, na Mina dirishani anacheka. Aibu!

Ijumaa, 12 Septemba
Leo sikupunguza. Nimepita baraza kwa kasi, shikamoo nimeitoa kwa sauti kubwa. Nadhani mwanzo wake aliusikia mzee, mwisho wake aliusikia jirani wa tatu. Marahaba sikuisubiri. Vumbi kidogo limeingia kwenye kahawa yao.

Jumapili, 14 Septemba
Shangazi Somoe kaleta jibu. Mzee Bwanausi kasema mimi, Kombo, nisiyeweza kusimama kumwamkia mkwe, sitasimama kumsikiliza mke. Mina anaolewa na Mikdad. Mikdad! Anayekwenda polepole, akisalimia kila baraza mpaka abiria anachelewa kazini! Nimelia, nimeegemea tangi la mafuta. Nampenda kweli yule binti.

Jumatatu, 15 Septemba
Kosa nimeligundua. Si kemshafti. Ni honi! Nimeagiza Dar honi inayotamka shikamoo, inasikika mtaa mzima. Yunus nimemwambia apandishe mgandamizo ufike kumi na tatu. Mina ana mdogo wake, Adila. Baraza ni lile lile, lakini safari hii nimejipanga: honi inaitikia na marahaba yenyewe, mzee asisumbuke.